Pambizo si pambo: juu ya PDF za ripoti na TFC zetu



Tukikosoa TFC ao ripoti, tunajua pa kuanzia: problematiki dhaifu, dhana zisizopimwa, kurasa zilizonakiliwa bila kutaja mwenyewe. Ni kweli yote, na tuendelee. Lakini leo nataka kukosoa kitu ambacho tunakiona kidogo sana hata hatukisemi kwa sauti: karatasi yenyewe. Kipimo cha ukurasa, na ile nafasi nyeupe tunaacha pembeni, ambayo sote tunaita marji na Kiswahili cha vitabu kinaita pambizo.

Najua kuna mwenye ataandika chini hapa: «Weye naye, batu banatafuta kazi, weye unatuletea mambo ya sentimeta!» Jibu langu ni hili. Ukurasa ni uamuzi wa kwanza wa ripoti. Asiyeuchagua mwenyewe, kompyuta inamchagulia, na kompyuta haikumfikiria yeye, wala msomaji wake, wala mfuko wa mzazi anayelipa kuchapisha. Nitaonyesha hapo chini kwamba pambizo peke yake inaweza kuongeza kurasa kumi kwenye kazi ya kurasa arobaini, ao kuficha jina la mtu kwenye orodha ya msaada. Hayo si mambo ya urembo.

1. Tofali likishachomwa

Bon, tuanze na PDF. Wengi wetu tunaitumia kama bahasha: umemaliza kuandika, unafunga, unatuma. Lakini kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993 kwa kazi maalumu: hati ionekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila mashini ya kuchapa. Tangu 2008 ni kanuni ya kimataifa, ISO 32000, njo maana programu nyingi zinaweza kuisoma na kuitengeneza bila kumwomba mtu ruhusa.

Ili hati ionekane vilevile kila mahali, lazima kila kitu kigandishwe. Ndani ya Word, ukurasa ni tofali bichi: ukipanua pambizo, mistari inajipanga upya, maneno yanashuka, kurasa zinaongezeka. Ukishatoa PDF, tofali limechomwa. Faili inabakia na kipimo cha karatasi, kinachohesabiwa kwa pointi (pointi 72 zinafanya inchi moja, na A4 ni kama 595 kwa 842), pamoja na mahali pa kila herufi. Pambizo yenyewe haimo tena. Ule weupe unaouona pembeni ni mahali tu ambapo hakuna herufi. Ndiyo sababu mtu akikuletea PDF akuombe «niongezee tu marji ya kushoto», unaweza kusogeza ukurasa mzima ao kuupunguza kama picha, lakini mistari haitajipanga tena kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo swali la karatasi linaulizwa siku unapofungua faili tupu. Sisi tunaliuliza usiku wa mwisho, kwenye nyumba ya fotokopi, watu kumi wako kwenye mstari na umeme unatishia kukatika.

2. Karatasi mbili, na moja haiuzwi kwetu

Ingia kwenye duka lolote la Goma, Bukavu, Kisangani ao Lubumbashi, omba rame ya karatasi: utapewa A4. Karatasi hiyo ina historia nzuri. Mwaka 1786 mwanasayansi Mjerumani, Georg Christoph Lichtenberg, aliandika kwenye barua juu ya umbo la karatasi ambalo ukilikata katikati, kila nusu inabakia na umbo lilelile. Mwaka 1922 Mjerumani mwengine, Walter Porstmann, aligeuza wazo hilo kuwa kanuni ya nchi yake, DIN 476. Ubelgiji iliipokea mapema, mwaka 1924, na mwaka 1975 ikawa kanuni ya kimataifa, ISO 216.

Hesabu yake ni safi. A0 ni meta mraba moja. Ikate nusu kwa nusu mara nne, unafika kwenye A4, sentimeta 21 kwa 29,7. Kama karatasi ni ya gramu 80 kwa meta mraba, kipande kimoja cha A4 kina gramu 5, na rame ya vipande 500 ina kilo mbili na nusu. Mwenye kupakia rame kumi kwenye pikipiki anajua kilo zake kabla hajainua.

Marekani na Kanada wao walibakia na karatasi yao, inaitwa Letter: 21,6 kwa 27,9. Ni pana kidogo kuliko A4, karibu milimeta 6, na ni fupi kwa karibu milimeta 18. Kompyuta iliyowekwa kwa Kiingereza cha Marekani inafungua ukurasa wa Letter bila kukuuliza kitu. Na kompyuta za namna hiyo tunazo nyingi: zimenunuliwa zikiwa zimetumika, zimerithiwa kutoka mradi uliofungwa, ao zimewekwa programu na kijana wa mtaa aliyebofya «ndiyo» kila mahali ili amalize haraka. Basi mwanafunzi anaandika miezi sita kwenye karatasi ambayo hakuna duka la mji wake linaiuza.

Mutasema, milimeta 18 ni kitu gani? Tuangalie. Ukichapa PDF ya Letter kwenye A4 kwa kipimo chake halisi, mashini ya kuchapa inakosa nafasi upande wa kulia na kushoto, na weupe unazidi juu ao chini. Ukichagua ijipunguze ili iingie, maandishi yanashuka hadi asilimia 97 hivi: ile pambizo ya sentimeta 3 ambayo juri itapima na rula sasa ni 2,9, na herufi za pointi 12 si 12 tena. Bado ni kidogo, nakubali.

Ubaya mkubwa unakuja pale ambapo mwanafunzi hakuleta PDF, ameleta faili ya Word, na mwenye nyumba ya fotokopi, kwa moyo mwema, anabadilisha karatasi kuwa A4 kabla ya kuchapa. Hapo tofali lilikuwa bado bichi. Kwa pambizo za sentimeta 2,5 kila upande, eneo la maandishi la A4 linazidi lile la Letter kwa karibu asilimia 4. Kwenye kazi ya kurasa 60, mwishoni tofauti inafika kurasa mbili. Jedwali la yaliyomo, ambalo wengi bado wanaliandika kwa mkono, linasema hitimisho liko ukurasa wa 58. Mwanajuri anafungua 58, anakuta bibliografia. Anamwangalia mwanafunzi kama mtu asiyejali kazi yake. Kumbe mwanafunzi alihesabu vizuri kabisa, kwenye karatasi isiyokuwa yake.

Hali ni mbaya zaidi kwenye ripoti za kikundi. Ndani ya Word, kipimo cha karatasi hakishiki faili nzima, kinashika kila sehemu ya faili peke yake. Watu watano wanaandika kila mmoja nyumbani, wa sita anabandika vipande pamoja, na vipande vinaweza kuja na karatasi zao. PDF inatoka na kurasa kumi za A4, saba za Letter, halafu A4 tena. Kwenye skrini hauoni, ju programu inazipanga zote katikati. Unaona tu siku ya kuzifunga, kando zinapokataa kulingana.

3. Pambizo inafanya kazi gani?

Kila fakulte ina karatasi yake ya maelekezo: kushoto weka hivi, kulia hivi, juu na chini hivi. Kwenye maelekezo mengi, kushoto ni kubwa kuliko kulia. Lakini ni mara ngapi mumeona karatasi hiyo ikieleza sababu? Sababu zipo, na zinaeleweka.

Kushoto ni kwa ajili ya kufunga. Spirali ao gundi inakula karibu sentimeta moja. Mwenye kuacha 2 anabakia na 1, na msomaji analazimika kuvunja mgongo wa kitabu ili asome neno la kwanza la kila mstari. Kulia ni kwa ajili ya kidole gumba na kalamu: direkta wa kazi anaandika wapi «hapa hueleweki» kama hakuna nafasi? Juu na chini, mashini nyingi za kuchapa haziwezi kufika kwenye ukingo wa karatasi, zinaacha milimeta chache, na namba ya ukurasa iliyosukumwa chini sana inaweza kukatwa.

Kuna sababu ya nne, ambayo ninaona njo kubwa: jicho. Wataalamu wa uchapaji wanapenda mstari wa herufi kati ya 45 na 75. A4 yenye pambizo za 2,5 inaacha mstari wa sentimeta 16. Kwa Times New Roman ya pointi 12, hiyo inapita herufi 80. Mstari tayari ni mrefu. Jicho likifika mwisho, linapata shida kurudi kwenye mwanzo wa mstari unaofuata, kwa hiyo tunaombwa kuachanisha mistari kwa 1,5. Ukipunguza pambizo na kubana mistari kwa pamoja, umemwondolea msomaji misaada yake miwili kwa mara moja. Atasoma kurasa tatu, halafu ataanza kuruka. Na mwanajuri mwenye kazi nane za kusoma kwa juma moja hatakuambia kwamba aliruka.

4. Madhambi mawili yasiyolingana

Dhambi ya kwanza munaijua: kupanua. Kazi inaombwa kurasa zisizopungua 40, rafiki yetu ana 33, na ushauri unakuja haraka: «Ongeza tu marji, zitafika.» Tufanye hesabu. A4 yenye pambizo za 2,5 pande zote ina eneo la maandishi la sentimeta 16 kwa 24,7, karibu sentimeta mraba 395. Weka 3,5 pande zote: 14 kwa 22,7, karibu 318. Kazi iliyokuwa na kurasa 40 sasa ina karibu 50. Kurasa kumi zimezaliwa, na hakuna wazo moja jipya ndani.

Dhambi ya pili ni kubana. Word inatoa pambizo nyembamba iliyo tayari, sentimeta 1,27 kila upande. Eneo linapanda hadi karibu 501, na zile kurasa 40 zinashuka kuwa 32 hivi. Hapa sitakemea kwa sauti ileile. Anayepanua anamdanganya msomaji. Anayebana mara nyingi anahesabu franga: kurasa nane mara nakala tano, ni kurasa arobaini za kulipa, na kuna nyumba ambamo hizo ni chakula cha siku. Fanyeni hesabu na bei ya mtaa wenu.

Hata hivyo, kubana kunamwokoa mwanafunzi kwenye nyumba ya fotokopi na kumwumiza mbele ya juri. Kama fakulte inaruhusu, kuna njia bora: kuchapa pande mbili za karatasi. Pambizo inabakia, karatasi inapungua nusu. Sharti ni moja, ambalo wengi wanalisahau: ukichapa pande mbili, mgongo wa kitabu uko kushoto kwenye ukurasa wa kwanza na uko kulia kwenye ukurasa wa pili. Pambizo kubwa inapaswa kuhamahama nayo. Kwenye Word ya Kifaransa chaguo hilo linaitwa «Pages en vis-à-vis». Bila hilo, kila ukurasa wa pili unaliwa na spirali.

5. Safu ya mwisho ya jedwali

Sasa tutoke kwenye TFC, tuingie kwenye ripoti za kazi, ju wengi wenu mutaishia kwenye mashirika, vituo vya afya, ofisi za mitaa na kooperative. Huko msomaji haangalii uzuri. Anaangalia jedwali.

Chukua orodha ya watu waliopokea msaada. Safu yake ya kwanza ni namba, ya pili jina, halafu umri, mtaa, ukubwa wa jamaa, simu, kiasi, na mwisho sahihi ao alama ya kidole. Kwenye Excel iko sawa, unaiviringisha tu. Unatoa PDF bila kugusa mpangilio wa ukurasa, na Excel inafanya kazi yake: inakata jedwali pale karatasi inapoishia. Majina yako ukurasa wa 1 hadi wa 6. Kiasi na sahihi ziko ukurasa wa 7 hadi wa 12, bila jina hata moja kando yake. Chapa, kunja, peleka mtaani. Mama anauliza kama jina lake limo, unamwonyesha. Anauliza ameandikiwa kiasi gani, unaanza kuhesabu mistari na kidole kwenye karatasi nyengine. Ukiruka mstari mmoja, amepewa cha jirani. Hapo pambizo na upana wa karatasi vimegeuka kuwa ugomvi wa haki.

Dawa ipo, na ni ya dakika tano. Ukurasa ulazwe, usimame kwa upana. Agiza upana uingie kwenye ukurasa mmoja, lakini urefu uachwe huru. Rudisha mstari wa vichwa juu ya kila ukurasa, ili msomaji wa ukurasa wa 5 ajue safu ya sita ni ya nini. Halafu angalia picha ya kuchapa kabla ya kutoa PDF.

Ila nina ukosoaji wa pili hapa, unaowahusu wanaojua dawa hiyo na kuitumia kupita kiasi. Excel inakubali kupunguza jedwali hadi asilimia 10. Mtu ana safu 20, anabofya yote yaingie kwenye ukurasa mmoja, inaingia kweli. Lakini herufi ya pointi 11 ikipunguzwa hadi asilimia 40, inabakia 4,4. Hizo ni sisimizi kwenye karatasi. Mimi naweka mpaka wangu kwenye asilimia 70: ikibidi kushuka chini yake, tatizo limeshaacha kuwa la ukurasa, ni la jedwali. Gawanya majedwali mawili, na rudia jina kwenye yote mawili. Ao ondoa safu ambazo msomaji huyo hazihitaji. Kuna orodha ambazo namba za simu za watu hazikupaswa hata kuchapwa, na karatasi kuwa nyembamba inatukumbusha kujiuliza.

Kwenye Word ni vilevile: jedwali moja pana halilazimishi ripoti nzima kulala. Weka mkato wa sehemu, «Saut de section», kabla na baada yake, laza ukurasa huo peke yake, nyengine zibakie zimesimama.

6. Programu nazo zikosolewe

Sitaki lawama yote iwaangukie wanafunzi. Word inaficha maamuzi haya nyuma ya vitufe viwili vidogo, «Taille» na «Marges», na haikuambii kama sehemu ya tatu ya faili yako ina karatasi tofauti na ya pili. LibreOffice, ambayo hailipiwi, inafikiri vizuri zaidi kwa maoni yangu: ukurasa una mtindo wake wenye jina, na kipimo pamoja na pambizo ni mali ya mtindo huo. Ukibadilisha mtindo, kurasa zake zote zinafuata. Lakini inadai uelewe kwanza mtindo ni nini, na asiyefundishwa anaikimbia siku ya kwanza. Programu moja ni rahisi na inakuacha upotee, nyengine inakulinda lakini inaomba ukae chini ujifunze.

Kwa bahati, PDF yenyewe haifichi. Ukiifungua kwenye kompyuta na kuangalia sifa za hati, programu nyingi zinaandika kipimo cha ukurasa. Ikisema 210 kwa 297 milimeta, uko kwenye A4. Ikisema 8,5 kwa 11 inchi, uko kwenye Letter, na bado kuna muda wa kurudi kwenye faili bichi.

7. «Siku hizi wote wanasoma kwenye simu»

Hii njo hoja yenye nguvu kuliko zote dhidi yangu, na siipiti pembeni. Ni kweli. Direkta wako anafungua TFC kwenye simu, mkubwa wa kazi anafungua ripoti kwenye simu, ndani ya basi. Skrini ya simu nyingi ina upana wa kama sentimeta 7. Ukurasa wa A4 wenye 21 unapungua mara tatu, na herufi ya 12 inaonekana kama 4. Anakuza, anavuta kulia, anarudi kushoto, mstari kwa mstari, mpaka anachoka.

Wengine wanahitimisha kwamba basi ukurasa hauna maana tena. Mimi naona kinyume: ni sababu moja zaidi ya kuuchagua. Ripoti inayokwenda kwenye simu itolewe kwenye A5, sentimeta 14,8 kwa 21, pambizo ya sentimeta moja pande zote, ju hakuna spirali ya kula kushoto. Msomaji akilaza simu yake, skrini yenye urefu wa kama sentimeta 15 inashika upana wote wa A5, na herufi inaonekana karibu kwa ukubwa wake halisi. Majedwali mapana yatateseka, hilo sikatai. Yawekwe kwenye faili ya pembeni.

Faili ileile inaweza kutoa PDF mbili: ya A4 yenye pambizo ya kufungia, kwa karatasi, na ya A5 kwa simu. Sharti ni jedwali la yaliyomo litengenezwe na programu, lisiandikwe kwa mkono, ju namba za kurasa hazitalingana. Na iandikwe wazi kwenye ukurasa wa kwanza kwamba ya A4 njo rasmi, ili mwenye kunukuu «ukurasa wa 23» na mwenye kumhakikisha wawe kwenye ukurasa mmoja.

8. Ninachoomba kwa walimu

Neno langu la mwisho ni kwa wenye kuweka masharti. Sharti bila sababu linazaa ujanja. Mukisema «kurasa zisizopungua 40» bila kufundisha ukurasa ni nini, mutapata pambizo za 3,5. Hesabuni maneno. Programu zinayahesabu zenyewe, na maneno hayaongezeki kwa kupanua weupe. Siku hiyo mchezo wa marji unakufa.

Halafu toeni modeli. Faili moja ya fakulte, karatasi imeshawekwa A4, pambizo zimeshawekwa, jedwali la yaliyomo limeshatengenezwa, na mwanafunzi anaandika ndani. Nalisema hili ju ya usawa. Mwenye kompyuta nyumbani anaweza kujaribu, kukosea na kurekebisha usiku kucha. Mwenye kulipa mtu wa kumpigia mashini kazi yake anapokea kilichotoka, hajui ndani kuna karatasi gani, na ni yeye anayekatwa pointi mbele ya juri kwa sentimeta ambazo hakuziweka. Tukimkata pointi kwa hizo, tunapima umaskini wake na kuuita uzembe.

Sisi wa chama hatuhitaji kungoja fakulte. Kwenye kila promosio kuna mtu mmoja anayejua mambo haya. Atengeneze modeli mbili, moja ya Word na moja ya LibreOffice, azipitishe kwenye kikundi cha WhatsApp mapema, kabla watu hawajaandika utangulizi. Mwenye modeli nzuri tayari aitume hapa chini, tuikosoe pamoja: karatasi gani, kushoto sentimeta ngapi, na kwa nini.